UZI: Windows 10 imekatiwa apdeti na mashine haikubali 11, kabla hujanunua mpya pita hapa

Msumari (mleta uzi):

Wakuu salaam. Hili swali linarudi kila siku, mtu kompyuta yake imemletea ujumbe kwamba Windows 10 haipati tena apdeti, anauliza afanyeje, na majibu anayopewa ni mawili tu, "nunua mpya" au "achana nao hao wanatafuta hela". Yote mawili yametolewa bila kumuuliza hata swali moja hiyo mashine anaifanyia nini. Nimeona niweke uzi mmoja ili mtu akiuliza tena tumtupie linki.

Kwanza tuelewane kilichotokea. Windows 10 ilitoka Julai 2015 na Microsoft wakaifungia duka tarehe 14 Oktoba 2025. Siku ile hakuna mashine iliyozimika, inawaka kama kawaida, faili zako zipo, brauza inafunguka. Kilichokatwa ni viraka vya usalama vya kila mwezi, vile vinavyoshuka Jumanne ya pili ya mwezi. Na ndo maana watu wanasema "mbona yangu iko poa tu", ni kweli iko poa, ubaya wake hauonekani mwezi wa kwanza wala wa pili. Windows 10 na 11 kwa ndani zinashea kodi nyingi sana. Sasa kila mwezi tundu likizibwa kwenye 11, kuna watu kazi yao ni kuchukua faili la kabla ya kiraka na la baada ya kiraka wanalinganisha waone kimebadilishwa nini, wakishajua wanaenda kujaribu kwenye 10. Kiraka cha 11 kinageuka ramani ya mwizi kwa mwenye 10, na mwezi ujao inakuja ramani nyingine.

Mnaikumbuka WannaCry ya Mei 2017? Ile ilipita kwenye tundu la huduma ya kushea mafaili kwenye mtandao, huhitaji kubonyeza kitu chochote, mashine moja ikiugua inaambukiza jirani zake yenyewe. Kiraka kilikuwa kimetoka tangu Machi mwaka huohuo. Windows XP ilikuwa imekatiwa msaada tangu Aprili 2014 kwa hiyo haikupewa, mpaka moto ulipowaka ndo Microsoft wakatoa cha dharura. Ila sasa sikiliza hii, wengi walioumia hawakuwa na XP, walikuwa na Windows 7 ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa, wao tu walikuwa hawaapdeti. Kwa hiyo wewe unayecheka wenye 10 huku 11 yako umeizimia apdeti kwa sababu "zinakula bando", mko boti moja.

Msimamo wangu ni huu: usianze na umri wa mashine, anza na kazi yake. Mashine ya kuangalia video na kusoma habari ina njia yake, ya kufanyia miamala ya benki ina njia yake, na ile iliyofungwa printa ya zamani kwenye kona ambayo haiingii hata intaneti, hiyo wala isikunyime usingizi.

Na kabla ya yote BAKAPU. Siyo kunakili tu halafu ukajipongeza, chomoa hiyo diski ya nje uliyonakilia, kachomeke kwenye mashine nyingine, fungua picha kadhaa na dokumenti kadhaa uone zinafunguka. Bakapu ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu.

Naendelea na njia zenyewe hapo chini, mnaweza kuanza kuuliza.

Kilobaiti:

Nimeweka kambi. Mkuu anza na ile ya kuongezewa mwaka maana wengi hawaijui.

Msumari:

Sawa mkuu. Inaitwa ESU (Extended Security Updates), yaani viraka vya usalama vya nyongeza kwa Windows 10, zamani ilikuwa ya makampuni tu, safari hii wakawafungulia na watu wa majumbani. Kwa mtumiaji wa kawaida ilipangwa mpaka 13 Oktoba 2026. Kujiandikisha unaingia Settings, Update & Security, Windows Update, pale kwenye ukurasa wa apdeti kuna maandishi ya kujiunga. Kama huyaoni cheki kwanza upo toleo gani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, enter. Lazima isome 22H2, chini ya hapo haikupokei. Na lazima uwe umeingia kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi.

Malipo yako ya aina tatu, unachagua moja: unakubali settings zako zihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft hapo hulipi kitu, au unatoa pointi 1000 za Microsoft Rewards, au unalipa dola 30. Leseni moja inabeba mpaka mashine 10 za akaunti hiyohiyo. Akaunti ya Microsoft huikwepi, hata anayelipa dola anaihitaji, na hili limewaudhi wengi. Mimi pia silipendi ila ukweli ndo huo.

Unachopata ni viraka vya usalama basi. Hakuna kipya, hakuna wa kumpigia simu. Na ukichelewa kujiunga haina neno, ukiingia unashushiwa na vile vya nyuma vilivyokupita.

Kwangu mimi ESU ni muda wa kupumua. Unajiunga leo jioni, halafu kichwa kikiwa kimetulia unaamua la kudumu.

Nusugiza:

Mnatisha watu tu. Mimi nina Windows 7 mpaka leo sijawahi kupata virusi. Ukiwa na akili hubonyezi linki za ovyo unaishi vizuri tu. Antivairasi ipo, Defender yenyewe inayokuja na Windows itaendelea kupata apdeti kwenye 10 mpaka 2028 wamesema wenyewe.

Msumari:

Mkuu hilo la Defender ni kweli, orodha ya virusi itaendelea kuletwa mpaka Oktoba 2028. Lakini Defender inamtambua mgeni mbaya akiwa tayari yuko mlangoni, haizibi ukuta uliobomoka. Vile ni vitu viwili.

Na kuhusu "sijawahi kupata virusi", virusi vya siku hizi havikuwekei fuvu kwenye skrini. Kinachukua paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza na vile vitambulisho vinavyokufanya ubaki umeingia kwenye imeili, kinaondoka kimya. Utajuaje sasa?

Halafu hiyo 7 yako mkuu, Chrome waliiacha kwenye toleo la 109, kuanzia 110 ya Februari 2023 haipo tena kwako. Brauza ndo mlango mkubwa kuliko yote kwenye kompyuta ya nyumbani. Kwenye 10 angalau Chrome na Firefox bado zinaletewa apdeti, siku zikiacha, hapo hata ubishi utaisha wenyewe.

Nusugiza:

Sawa ila mimi sihami 😂

MamaPixeli:

Jamani naomba msaada, mimi siyo mtaalamu. Laptopu yangu inaniambia haikidhi vigezo vya Windows 11, lakini siyo ya zamani kivile na niliinunua ikiwa mpya. Kuna kijana ameniambia ana njia ya kuilazimisha ikubali. Nimwachie?

Msumari:

Dada usimwachie kwanza, maana "haikidhi vigezo" ina maana mbili tofauti kabisa na watu wanazichanganya.

Ya kwanza, kifaa unacho ila kimezimwa. Windows 11 inataka kitu kinaitwa TPM 2.0, sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri za mashine, na mashine nyingi za kuanzia miaka ya 2016 kuja juu wanayo ndani ya prosesa, kiwandani tu hawakuiwasha. Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc. Ikisema haioni TPM usikate tamaa bado, ingia BIOS (ule ukurasa wa mipangilio unaoingia mashine inapowaka, kabla Windows haijafunguka), kwenye mashine za Intel tafuta neno PTT, kwenye AMD tafuta fTPM, washa, hifadhi, iache iwake upya. Angalia tena, ikisoma 2.0 hilo limeisha. Halafu andika msinfo32 uangalie pale BIOS Mode, kama ni Legacy (mfumo wa zamani wa kuwasha mashine) badala ya UEFI (mpya) kuna kazi kidogo ya kubadili mpangilio wa diski, Windows ina zana yake inaitwa MBR2GPT inaifanya bila kufuta mafaili, ila hiyo hapana kufanya bila bakapu, narudia hapana.

TAHADHARI kubwa hapa. Kabla hujagusa BIOS angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha mafaili yote ya diski. Kama imefungwa, simamisha kwanza hiyo BitLocker, na uwe na ile funguo ya tarakimu 48 umeiandika pembeni. Ukibadilisha mambo ya TPM bila hivyo mashine ikiwaka inaweza kukudai hiyo funguo na kama huna, mafaili yamekwenda. Mara nyingi inakuwa imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu uitafute KABLA.

Maana ya pili ni prosesa yenyewe kuwa ya zamani. Kwa Intel mstari umechorwa kizazi cha 8, chini ya hapo wamekataa isipokuwa chache mno, kwa AMD ni Ryzen za 2000 kwenda mbele. Hapo hakuna cha kuwasha. Ndo hapo sasa anapokuja huyo kijana wako.

MamaPixeli:

Nimeangalia, prosesa ni i5 na imeandikwa 7200U. Hiyo ni kizazi cha ngapi?

Msumari:

Cha 7. Umekosa kwa kizazi kimoja, pole sana, na ndo kinachouma maana i5 ya kizazi cha 7 ina nguvu ya kutosha kabisa kwa kazi za nyumbani.

WayaMwekundu:

Niingie hapo kwenye kulazimisha maana nimewapigia watu wengi Windows kwa njia hiyo. Inawezekana, ile programu ya kuandaa flashi inayoitwa Rufus inakuuliza kabisa uondoe vigezo vya TPM na Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka), unatiki, maisha yanaendelea. Kwenye kizazi cha 6 na cha 7 inatembea vizuri na viraka vya kila mwezi vinaingia.

Lakini wateja huwa hawaambiwi haya: Microsoft wameandika wazi kwamba mashine isiyokidhi haina haki ya kudai apdeti, zikija leo kesho wanaweza kuzikata na huna pa kulalamika. La pili, yale matoleo makubwa ya kila mwaka, 23H2, 24H2, 25H2, hayaji yenyewe kwenye mashine ya kulazimishwa. Kila toleo kama hilo, kwa Windows ya Home au Pro, linahudumiwa miezi 24 tu. Maana yake baada ya miaka miwili uko palepale ulipokimbia na Windows 10, mpaka utengeneze flashi upya uruke kwa mkono. Na la tatu, kuanzia 24H2 prosesa isiyo na maelekezo ya POPCNT na SSE4.2 haiwaki kabisa, zile Core 2 Duo zote nje, hapo hata Rufus haikusaidii.

Kwa hiyo anayejua anachofanya sawa. Kumfanyia mtu ambaye hatakuita tena mpaka iharibike, mimi siku hizi nakataa. Nampigia Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows.

Kilobaiti:

Nilijua tu itafika kwenye Linux 😅

WayaMwekundu:

Itafika ndio mkuu, na kwa i5 ya huyo dada ndo jibu lenyewe. Ila siyo kumbebesha mtu kwa nguvu. Utamu wa Linux ni kwamba unaijaribu bila kuinstoli. Unapakua Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, unaichoma kwenye flashi ya GB 8, unabuti kutoka kwenye flashi, inafunguka yote kama ilivyo huku diski yako haijaguswa.

Na ukishaifungua usiishie kushangaa rangi. Dada fuata hivi: angalia Wi-Fi inaona mitandao au la, maana hapo ndo kuna mashine zinasumbua. Fungua video moja usikilize sauti, kisha chomeka hedifoni uone kama sauti inahama. Washa kamera. Funga mfuniko wa laptopu, subiri kidogo, ufungue, kama inaamka vizuri umeshinda, zipo zinazolala jumla. Printa yako iongeze ujaribu kuchapa ukurasa, na kama ina skana jaribu na skana, watu wanaisahau mpaka siku wanayoihitaji. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kwenye flashi, hilo lisikutishe. Vyote vikikubali, ikiinstoliwa navyo vitakubali.

Tarakimu:

Mnazungumza kirahisi, na mwenye Excel za macro, vile vijiprogramu vya ndani ya faili? Mimi kazi zangu zote zina macro za miaka. LibreOffice, ile mbadala wa Office kwenye Linux, inafungua faili lakini macro nusu zinagoma na mpangilio wa Word unahama.

WayaMwekundu:

Wewe usihame mkuu, bila ubishi. Mwenye macro nzito za VBA (lugha ya kuandikia macro za Office), mwenye Photoshop na Premiere, na mcheza gemu za mtandaoni zenye ulinzi wa ndani kama Valorant na Fortnite, hao Linux haiwafai kama mashine yao pekee. Gemu za Steam nyingi zinacheza siku hizi kupitia Proton, zana inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, ila hizo mbili hapana. Wewe ni ESU, huku unajichanga mashine inayokubali 11.

Na angalizo moja kwako, Office 2016 na 2019 zimekatiwa msaada tarehe ileile ya 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo hata ukivusha Windows peke yake, angalia na Office uliyonayo.

Msumari:

Nakazia hapo kwa Tarakimu. Dokumenti la macro lililotoka kwa mtu mwingine ni njia ya zamani sana ya kuingiza uchafu, kwa hiyo wewe ndo wa mwisho kabisa kuruhusiwa kukaa bila viraka.

Mfuniko:

Na wenye Mac je? Sisi hatuna tarehe tunayotangaziwa.

Msumari:

Apple huwa hawatangazi tarehe kama Microsoft, ila ukiwafuatilia utaona wanahudumia toleo la sasa na mawili ya nyuma yake. Kwa wenye Mac za Intel jueni macOS Tahoe ya 2025 ndo ya mwisho kwenu, linalofuata ni la zile chipu zao wenyewe tu. Kuna OpenCore Legacy Patcher inayolazimisha matoleo mapya kwenye Mac za zamani, ni kazi nzuri ya watu wanaojitolea, lakini yote aliyosema Waya kuhusu kulazimisha yanahusu na huko.

Kilobaiti:

ChromeOS Flex, ule mfumo wa Google wa kuweka kwenye kompyuta za kawaida, vipi? Naona wengine wanaisifia.

WayaMwekundu:

Ni nzuri kwa mtu ambaye maisha yake yote yapo ndani ya Chrome, bure, inataka RAM GB 4 na diski GB 16. Ila haina Play Store, wengi wanadhani ni kama Chromebook wanakuja kukuta apu za simu hazipo. Na Google wana orodha ya modeli walizozithibitisha, kama yako haimo ni bahati nasibu. Mimi kati ya hiyo na Mint nakupa Mint.

Nusugiza:

Hiyo Linux yenu nayo si inaisha muda? Au ya milele?

WayaMwekundu:

Inaisha, swali zuri kwa mara ya kwanza leo 😂. Mint 22 inahudumiwa mpaka 2029 kwa sababu imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine. Tofauti ni kwamba ukifika mwisho unapanda toleo linalofuata bure na hakuna anayekuuliza TPM. Wanaobanwa ni wenye mashine za biti 32, hao milango imefungwa mmoja baada ya mwingine, Ubuntu walishaacha zamani na Mint 22 ni biti 64 tu.

Tarakimu:

Na ile ya kuichomoa kwenye intaneti moja kwa moja? Nina mashine ya pili ina programu moja ya zamani tu ya kuendeshea skana kubwa.

Msumari:

Hiyo iache na Windows yake mkuu, ila uichomoe kwelikweli. Siyo "huwa siingii mtandaoni", ingia kwenye Device Manager uzime kadi ya Wi-Fi ili asije mtoto akaiunganisha. Kazi zikitoka pale zinatoka kwa flashi moja maalumu isiyotumika pengine, na ukiichomeka kwenye mashine yako nyingine iskani kwanza. Usiweke paswedi yoyote mle wala usiingie imeili hata mara moja "ya haraka". Ikikaa hivyo hata miaka mitano sina ugomvi nayo.

Kitu kingine kwa wote, kabla hujasema mashine ni nzito haifai, angalia kama bado ina ile diski ya kuzunguka. Weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Laptopu ya kizazi cha 6 yenye RAM GB 8 na SSD, iwe Mint iwe Windows 10 yenye ESU, inafanya kazi za nyumbani bila kulalamika. Nimeona watu wanatupa mashine nzima kumbe mgonjwa ni diski.

MamaPixeli:

Nimerudi. Nimejiunga na hiyo ESU kwanza, ilikuwa kubonyeza tu, na funguo ya BitLocker nimeikuta kwenye akaunti nimeiandika. Kisha nimejaribu Mint kwa flashi. Wi-Fi imekubali, sauti imekubali, printa imejitokeza yenyewe bila draiva. Skana ndo inaonekana lakini nikibonyeza inasema haipati kifaa.

WayaMwekundu:

Safi sana dada. Ni printa ya Wi-Fi au ya waya?

MamaPixeli:

Ya Wi-Fi, HP.

WayaMwekundu:

Fungua Software Manager humohumo kwenye Mint, tafuta hplip-gui, iinstoli, itashuka kwenye ile flashi kwa muda tu. Halafu fungua HP Device Manager uiongeze printa kutoka pale, ikikuomba plagini ikubali ipakue. Kisha fungua ile programu ya Document Scanner ujaribu tena. Ikigoma, weka hapa modeli kamili ya printa na hayo maneno ya kosa kama yalivyo.